Upakuaji unapokwama: ni lini kufuta mafaili ya muda ya kivinjari kunasaidia, na ni lini hakusaidii

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Mtu akilalamika kwamba faili lake linakwama katikati ya upakuaji, jibu la kwanza analopewa karibu kila mahali ni kwamba afute kache. Anafuta kila kinachofutika, anajikuta ametolewa katika akaunti zake zote, na mara nyingi faili linakwama pale pale. Ninauleta uzi huu kwa sababu ushauri huo una ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe una mipaka, na anayeifahamu mipaka hiyo huweza kutatua tatizo kwa dakika chache bila kupoteza kitu cha thamani.

Ni vyema kwanza tuelewe kinachofutwa ni nini. Unapofungua ukurasa, kivinjari hakichukui kila kitu upya kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Picha, mafaili ya mwonekano na msimbo wa JavaScript huhifadhiwa ndani ya kifaa chako pamoja na maelezo ya seva kuhusu muda ambao nakala hizo zinaweza kutumika. Muda huo ukiisha, kivinjari huiuliza seva kama kuna mabadiliko. Yasipokuwapo, seva hujibu kwa namba 304 na nakala ya zamani huendelea kutumika. Hiyo ndiyo kache. Kando yake kuna vidakuzi, vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huviweka ili ikutambue ukirudi. Vilibuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, na hadi leo ndivyo vinavyobeba uthibitisho kwamba umeingia katika akaunti yako. Kuna pia hifadhi ya tovuti, ambamo programu za mtandaoni huweka data kubwa zaidi, zikiwamo rasimu ambazo bado hazijatumwa. Vitu hivi vitatu hupatikana katika dirisha moja la kufutia, na ndiyo maana watu huvifuta kwa pamoja, ingawa kila kimoja kina kazi yake na hasara ya kukifuta hailingani na ya kingine.

Faili lenyewe unalolipakua halimo katika hivyo vitatu. Chrome na Edge huliandika katika folda ya vipakuliwa likiwa na kiishio cha .crdownload, Firefox hutumia .part, na Safari hutumia .download, likikamilika, hupewa jina lake halisi. Kwa hiyo kufuta kache hakuligusi faili lililoishia nusu. Zamani mambo yalikuwa tofauti. Internet Explorer ilikuwa ikilishusha faili kwanza katika folda ya mafaili ya muda ya intaneti, kisha ndipo inalinakili kwenda mahali ulipochagua, na diski yenye folda hiyo ikijaa upakuaji ulikatika hata kama huko ulikokusudia kulihifadhi kulikuwa na nafasi tele. Naamini ushauri wa kufuta mafaili ya muda kila upakuaji unapogoma ulipata nguvu yake enzi hizo, ukaendelea kurithishana hata baada ya vivinjari kubadilika.

Kache na vidakuzi vinaweza hata hivyo kuuzuia upakuaji, na hapa ndipo pa kuelewa vizuri.

Hali ya kawaida zaidi ni ya kiungo kilichokwisha muda. Tovuti nyingi haziweki anwani ya kudumu ya faili, bali hutengeneza kiungo chenye saini kinachofanya kazi kwa dakika au saa chache. Kivinjari kikikuonyesha ukurasa uliotoka katika kache, kiungo kilichomo ndani yake huwa kimeshakufa, na ukikibofya seva hujibu kwa namba 403, yaani imekunyima ruhusa. Mtu hudhani amezuiwa, kumbe anabisha hodi kwa kiungo kilichokwisha. Hapa huhitaji hata kufuta kitu: bonyeza Ctrl na F5, au Ctrl, Shift na R, na kivinjari kitauchukua ukurasa wote upya bila kutegemea kache.

Hali ya pili inawasumbua hata watu wenye uzoefu, kwa kuwa haionekani kwa macho. Tovuti inapohamisha faili, seva inaweza kutoa jibu la namba 301, maana yake ni kwamba anwani hii imehama kwa kudumu. Kivinjari huliamini neno hilo na kulikumbuka, ili safari nyingine kisihangaike kuiuliza seva. Sasa wenye tovuti wakibadili mawazo na kulirudisha faili mahali pake pa awali, kivinjari chako kitaendelea kukupeleka kwenye anwani isiyokuwapo tena, huku mwenzako aliye na kifaa kingine akilipakua faili lile lile bila shida. Katika hali hii kufuta kache ndiyo tiba yenyewe.

Hutokea pia kwamba tovuti imesasishwa, na kivinjari kimeshika sehemu ya msimbo wa zamani kikachanganya na ukurasa mpya. Dalili yake ni kitufe cha kupakua kisichofanya chochote: unakibofya, na hakuna ujumbe wala faili. Vilevile kompyuta ikizimika ghafla wakati kivinjari kinaandika, baadhi ya nakala zilizo katika kache zinaweza kuharibika.

Kwa upande wa vidakuzi, tatizo huwa ama ni kidakuzi cha kuingilia kilichopitwa na wakati, ambacho seva haikitambui tena ingawa ukurasa bado unakuonyesha kama mtu aliyeingia, ama ni vidakuzi vingi kupita kiasi. Kila unapoomba faili, kivinjari hutuma vidakuzi vyote vinavyoihusu tovuti hiyo. Seva huweka kikomo kwa ukubwa wa maelezo hayo, na kwa programu za seva zinazotumika sana kikomo cha kawaida hukaribia kilobaiti 8. Ukikivuka, unapata kosa la namba 400 lenye maelezo kwamba vidakuzi au vichwa vya ombi ni vikubwa mno. Kufuta vidakuzi vya tovuti hiyo moja hulimaliza tatizo papo hapo.

Ukizitazama hali zote hizi utaona kwamba zinahusu tovuti moja ndani ya kivinjari kimoja. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, fanya jaribio hili: fungua dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N katika Chrome au Edge, au Ctrl, Shift na P katika Firefox, kisha jaribu kupakua faili hilo humo. Dirisha la faragha huanza bila kache wala vidakuzi vyako vya kawaida, na katika Chrome na Edge viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi humo mpaka uwe umeviruhusu. Faili likipakuka, chanzo ni data zilizohifadhiwa au kiendelezi kimojawapo, hasa vile vya kuzuia matangazo. Likikwama kama lilivyokwama awali, kufuta mafaili ya muda hakutakusaidia, na ni afadhali nguvu zako uzielekeze kwingine. Ningependa jaribio hili liwe ndilo ushauri wa kwanza tunaopeana humu.

Jaribio likionyesha kwamba kufuta kunahitajika, anza na eneo dogo. Bofya alama iliyo mwanzoni mwa upau wa anwani, tafuta sehemu ya vidakuzi na data za tovuti, uondoe za tovuti hiyo peke yake. Akaunti zako nyingine hazitaguswa. Isipotosha, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, chagua picha na mafaili yaliyohifadhiwa tu, uache vidakuzi kama vilivyo. Angalia kipindi kilichochaguliwa, kwa kuwa kivinjari kinaweza kuwa kimewekwa kufuta data za saa moja iliyopita pekee, na nakala inayokusumbua huenda iliingia wiki kadhaa nyuma. Chagua wakati wote. Vidakuzi vya tovuti zote viwe hatua ya mwisho kabisa. Manenosiri yana kisanduku chake, na hakuna tatizo la upakuaji linalotaka kiguswe. Ukimaliza, funga kivinjari, kifungue upya, na uanzie kwenye ukurasa wa mwanzo wa faili badala ya kurudia kiungo ulichokinakili awali.

Tahadhari moja kubwa: kama una upakuaji mwingine mkubwa unaoendelea au uliosimamishwa, umalize kwanza. Seva inaweza kuhitaji kidakuzi kile kile ili iukubali uendelezwe, na ukikifuta, gigabaiti ulizokwisha kuzipata zinaweza kuwa zimepotea bure.

Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, ninashukuru kwa maelezo. Ninatumia simu ya Android, na katika mipangilio ya programu ninaona vitufe viwili, kimoja cha kufuta akiba na kingine cha kufuta data au hifadhi yote. Je, ni kipi kinachofanana na haya uliyoyaeleza? Na je, mafaili niliyokwisha kuyapakua yatabaki?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la muhimu kwa sababu vitufe hivyo vinakaa jirani na matokeo yake yanatofautiana mno. Cha kufuta akiba huondoa nakala za muda pekee, na unaweza kukitumia bila hofu. Cha kufuta data huirudisha programu katika hali iliyokuwa nayo siku ilipowekwa: utatolewa katika akaunti, vichupo vilivyofunguliwa vitapotea, mipangilio itafutika, na kurasa ulizozihifadhi ili uzisome bila mtandao zitaondoka. Mafaili yaliyokamilika yaliyomo katika folda ya pamoja ya vipakuliwa hubaki, kwa kuwa folda hiyo iko nje ya eneo la kivinjari. Hata hivyo nakushauri uanzie ndani ya kivinjari chenyewe, kwenye menyu yake ya kufuta data za kuvinjari, kwa sababu huko unachagua kimoja kimoja. Dirisha la faragha lipo pia kwenye simu, na jaribio ni lile lile.

Kwa wenye iPhone, Safari ilianza kuwa na sehemu yake ya vipakuliwa katika iOS 13 ya mwaka 2019, na mafaili huonekana katika programu ya Faili. Data za tovuti moja unaweza kuziondoa kupitia mipangilio ya Safari, sehemu ya mambo ya juu zaidi, penye orodha ya data za tovuti. Kile kitufe cha kufuta historia pamoja na data zote za tovuti kitumie pale tu njia hiyo itakaposhindwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimefuta kila kitu, na hata dirisha la faragha limeshindwa. Faili lina takribani gigabaiti 6, ninalihifadhi moja kwa moja kwenye flashi, na kila mara linasimama likiwa limefika gigabaiti 4 hivi. Flashi bado ina nafasi kubwa. Je, seva ndiyo inayonikatia?

Mleta uzi

Ndugu, seva haina kosa hapo, na kivinjari nacho hakina. Flashi yako karibu hakika imeumbizwa (kufanyiwa format) kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalozidi baiti 4,294,967,295, yaani pungufu kwa baiti moja tu ya gigabaiti 4, hata kama nafasi iliyobaki ni mara kumi ya hiyo. Lipakue faili kwenye diski ya kompyuta, au hamisha kila kilichomo kwenye flashi, uiumbize upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kisha ukirudishe. Usisahau kwamba kuumbiza hufuta kila kitu.

Swali lako linanipa nafasi ya kutaja vyanzo vingine vinavyosingiziwa kache. Diski iliyojaa ni kimojawapo, na hapa inafaa kutazama ile diski yenye mfumo pia, si ile ya kuhifadhia peke yake. Programu ya kingavirusi inaweza kulishika faili dakika ya mwisho, hivyo upakuaji ukafika asilimia 100 kisha ukatangazwa kuwa umeshindwa. Folda uliyochagua inaweza kuwa haina ruhusa ya kuandikwa. Halafu tangu mwaka 2020 Chrome imekuwa ikizuia kwa awamu mafaili yanayoletwa kwa njia isiyosimbwa ya http kutoka katika kurasa za https. Mwenye tovuti ndiye anayepaswa kurekebisha hilo, na kufuta kwako hakutabadili kitu. Soma ujumbe ambao kivinjari kimeuandika chini ya jina la faili kabla ya kufanya lolote, kwa sababu mara nyingi umeutaja ugonjwa kwa jina lake.

Mchangiaji wa kwanza

Nimefanya jaribio la dirisha la faragha na upakuaji sasa unakamilika. Tatizo lililobaki ni kwamba faili la zip linakataa kufunguka, naambiwa limeharibika. Nifute nini tena?

Mleta uzi

Usifute kitu kwanza. Tazama ukubwa wa faili. Kama ulitarajia megabaiti mia mbili na umepata kilobaiti chache, ulichopakua si faili bali ni ukurasa wa tovuti uliopewa jina la faili. Hutokea pale seva inapokurudisha kwenye ukurasa wa kuingia katika akaunti, au mtandao wa Wi-Fi unapotaka kwanza ukubali masharti yake, nacho kivinjari kikahifadhi kile kilichopewa. Lifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida: faili halisi la zip huanza kwa herufi PK, na la PDF huanza kwa %PDF. Ukiona neno html mwanzoni, umepata jibu lako, na katika dirisha la faragha sababu inaelekea kuwa ni kwamba hujaingia katika akaunti humo. Ingia, kisha upakue tena.

Kama ukubwa ni sahihi na bado linakataa, linganisha alama ya SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Tovuti makini huiandika kando ya kiungo, nayo ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Kwenye Windows unaipata kwa amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum, na kwenye Mac ni shasum -a 256. Ukiwa unatumia simu, njia nyepesi ni kulihamishia faili kwenye kompyuta na kulipimia huko. Herufi moja ikitofautiana, faili ulilonalo silo lile lililotolewa na tovuti, na halifai kufunguliwa.

Mchangiaji wa tatu

Kwa heshima zote, mleta uzi, nadhani unaogopa kufuta kuliko inavyostahili. Mimi hufuta kila kitu kila wiki, kompyuta inakuwa nyepesi, na sijawahi kupata hasara.

Mleta uzi

Naiheshimu desturi yako, na kwa mtu anayetumia kompyuta ya watu wengi ningesema ni desturi nzuri kwa ajili ya usiri. Lakini kwa kasi na kwa bando, matokeo huwa kinyume. Kila unapofuta kache, tovuti zote unazozitembelea hulazimika kushushwa upya, kwa hiyo kurasa hufunguka polepole zaidi siku za mwanzo na unalipia mara ya pili data uliyokwisha kuilipia. Kivinjari nacho huondoa chenyewe nakala za zamani kache inapofikia kikomo chake, kwa hiyo haikui bila mwisho. Nafasi ikiwa ndiyo shida, tafuta katika folda ya vipakuliwa yale mabaki ya .crdownload na .part ya upakuaji ulioutelekeza. Hayo hayaondolewi na ufutaji wa kache, na moja tu laweza kushika gigabaiti kadhaa. Hakikisha kwanza kwamba halipo linaloendelea.

Na kwa wanaotumia Windows, kuweni waangalifu na ukurasa wa mafaili ya muda uliomo katika mipangilio ya hifadhi. Katika orodha yake kuna kisanduku cha folda ya Downloads. Ukikiweka alama ukidhani ni mabaki ya kivinjari, utafuta mafaili yote uliyoyapakua na kuyaacha humo, na hayo hayarudi yenyewe kama zinavyorudi picha za kurasa.

Mchangiaji wa pili

Nimehifadhi faili kwenye diski ya kompyuta na limepita gigabaiti 4. Mtandao umekatika likiwa limefika gigabaiti 5. Je, nianze upya?

Mleta uzi

Bado usianze upya. Fungua orodha ya vipakuliwa kwa Ctrl na J, ubofye kitufe cha kuendelea. Kivinjari kitaiomba seva sehemu iliyobaki tu, na seva inayoliunga mkono ombi la namna hiyo itajibu kwa namba 206 na kuendelea kutoka pale ulipoishia. Ikiwa kiungo kimekwisha muda, kitufe hicho kitashindwa. Hapo rudi kwenye ukurasa wa faili na uchukue kiungo kipya. Kivinjari kitakuanzishia upakuaji mpya kabisa, lakini kuna programu maalumu za kupakulia zinazokubali kiungo kibadilishwe huku nusu ya faili waliyoishusha ikibaki, na kwa faili la ukubwa huo kwenye mtandao unaokatika-katika, ningekushauri utumie programu ya namna hiyo kwenye kivinjari chochote. Orodha ya vipakuliwa usiifute mpaka faili likamilike.